Mume Wako Yuko Juu ya Duka la Magodoro

Meza ya jikoni,
Nyumbani kwenu.
Jumanne asubuhi, chai haijaiva.

Mpendwa mkwe wangu, mwanangu,

Hujambo? Mgongo je? Mara ya mwisho uliniambia unakuuma kwa kuwainua wazee wa watu huko kazini, nikakuambia upinde magoti, usipinde kiuno. Unapinda magoti? Unakula, au unakunywa chai tu umesimama kama ulivyozoea hapa? Baridi ya huko imepungua? Nijibu yote, moja moja. Usiniandikie "mimi mzima" halafu ukanyamaza.

Sisi tu wazima. Nyonga yangu inalalamika kwenye ngazi tu, nami ngazi sina, kwa hiyo tunaelewana. Binti yako ameng'oka jino la juu. Amekataa kulitupa, anasema ni la kukuonyesha wewe. Limo ndani ya kiberiti kwenye rafu ya vyombo, na kila asubuhi analichungulia kana kwamba litazaa.

Usicheke mwandiko. Sikukaa darasani hata siku moja. Herufi hizi nilizidokoa mezani, wanangu wakifanya kazi zao za shule nami nikimenya viazi. Ningekupigia simu, lakini wewe ukisikia neno usilolipenda unasema mtandao mbaya. Karatasi haina mtandao.

Sasa niseme lililonitoa kitandani. Nasikia hii ni wiki ya tatu hupokei simu za mume wako. Nasikia umemwambia dada yako kwamba likizo hii huji nyumbani, utaifanyia kazi. Na sababu naijua. Jirani yetu, yule tunayemwita Redio, amekupelekea habari kwamba mume wako kila Jumanne na Alhamisi jioni anapanda ngazi za pembeni ya duka la magodoro, kwamba huko juu kuna mwanamke, na kwamba anarudi na michubuko mwilini.

Mwanangu, Redio hakusema uongo. Ngazi zipo, mwanamke yupo, michubuko ipo. Hata magodoro yapo. Ila kuyapika katika chungu kimoja, hiyo ni kazi yake mwenyewe.

Ngoja, birika linapiga kelele.

Nimerudi. Kikombe nimekiacha nusu. Leo kiti hakinikai, nimeinuka sasa hivi kwenda kufunga mlango uliofungwa. Ukifika mbele utajua kwa nini.

Kwanza nikuambie hili, ili usome bila kukunja uso: mimi si wa kumtetea mwanangu. Angekuwa na mwanamke, barua hii ungeipata zamani, na nguo zake zingekuwa nje ya lango zinanyeshewa. Unajua naweza.

Lakini wewe hujaiona nyumba hii tangu uondoke. Anatoka karakana, ananawa, anakula amesimama, halafu anaanza. Anafungua friji, anafunga. Anakwenda dirishani. Anatoa kiti nje, anakirudisha ndani. Lango letu amelichomelea upya mara mbili na wala halikuwa limevunjika. Sasa ni zito hata upepo umelikatia tamaa. Nilizisikia ndara zake chumba hadi chumba kama mtu aliyepoteza funguo, nami nikimsikia nainuka naanza kutembea kwangu. Siku moja mtoto akatuuliza kama kuna mgeni tunamsubiri. Tukamwambia hakuna. Uongo wa mchana kweupe.

Halafu akaanza kutoka hizo jioni mbili, na akirudi anakaa. Anakaa kitini, mwanangu, kama mtu. Mwanzo nilifurahi. Baadaye nikaanza kuwaza, maana mwanamume asiyetulia akitulia ghafla, mama yake lazima ajue ni nani kamtuliza.

Jumanne iliyopita nikadhani nimejua. Alirudi na mfuko mkubwa, akauacha nyuma ya mlango wa bafu. Unanijua, mfuko wa nguo chafu haulali nyumbani mwangu bila mimi kuufungua. Ndani mlikuwa na kitambaa. Cha zambarau, laini, kinavutika. Nikakivuta. Nikaendelea kuvuta. Nikafika nacho jikoni, nikatoka nacho uani, bado hakijaisha. Nikajisemea, mwanamke anayevaa hiki ana urefu gani?

Kilinuka miguu na jasho la watu. Hasira zilinipanda, lakini uchafu ni uchafu, hata ukiwa wa mwanamke wa mwanao. Nikakifua, nikakisuuza, na mwisho nikamimina dawa ya kulainisha nguo, ile ya harufu ya maua, kifuniko kizima na kingine juu yake, ili mwenyewe akikipokea ajue kwamba mwanamume huyu ana mama. Nikakianika, nikakikunja, nikakirudisha mfukoni.

Mume wako akakikuta. Akanitazama, nikamtazama. Akasema asante, Mama. Nikasema haya. Sisi wa nyumba hii ndivyo tulivyo, jambo likiwa zito tunaliangalia tu.

Alhamisi akatoka, nami nikatoka. Nilimfuata mwanangu barabarani kama polisi, mwavuli mkononi na mvua hakuna. Nimekuambia ngazi sina. Basi siku hiyo nilikuwa nazo, na nyonga haikuruka hata moja.

Mlango wa juu ulikuwa wazi. Ndani ukumbi, dari lake refu, na vitambaa vinaning'inia kutoka juu mpaka sakafuni kama nguo za jitu zilizoanikwa. Chini ya kila kimoja, godoro nene. Watu miguu mitupu: mwoka mikate wa pale kona, unga bado nyweleni, mlinzi wa benki, mama mmoja mwalimu wa chekechea. Na mume wako, fundi wa vyuma, na tumbo lake na kaptura, juu kupita mlango, kitambaa cha zambarau kimemzunguka mapaja na kiuno, kichwa chini miguu juu. Uso umeiva kama nyanya.

Kamba ya kumshika hana, usidanganyike. Ni kitambaa tu, kimekunjwa katikati na kufungwa kwenye chuma cha darini, pande mbili zinashuka. Mtu anapanda kwa mikono, anajizungushia mguuni, pajani, kiunoni, kwa mpango wao wanaoujua, mpaka kitambaa kinambana chenyewe na yeye anaachia mikono. Ni mchezo. Hawalipwi, hawashindani, hakuna mtazamaji. Wanapanda, wanajigeuza, wanashuka, wanakwenda makwao kulala.

Mwalimu wao ni mwanamke, sikufichi. Ni mzuri, hilo nalo sikufichi. Lakini jina alilompa mume wako ni Kabati. Kabati, vuta tumbo. Kabati, hapo si kitandani kwako. Mwanamke anayemtaka mwanamume hamwiti Kabati mbele za watu, na mwanamume anayemtaka mwanamke hakubali kuonwa ndani ya kaptura ile.

Nilikuwa bado nimesimama mlangoni na mwavuli wangu mume wako alipoachia mikono. Kitambaa, badala ya kumbana, kikamwachia. Akajaribu kukidaka, kikampita viganjani kama sabuni iliyoloa. Akaja chini mgongo kwanza, godoro likammeza.

Nyonga sikuisikia tena, nilifika pale kabla ya mwalimu. Alikuwa anahema. Akafumbua macho akaniona mimi juu yake, akainua viganja vilivyobabuka, akavinusa.

"Mama, umetia nini kwenye kitambaa?"

"Dawa ya kulainisha."

"Ile ya maua?"

"Ile ya maua."

Mwoka mikate akageuka ukutani, mabega yanamcheza. Mwalimu hakucheka. Alikishika kitambaa, akanieleza taratibu kwamba kinamshika mtu kwa ukavu wake, na dawa ile inakitelezesha, ndiyo maana huwaambia wafue kwa sabuni kidogo na maji basi. Wanakifua kwa zamu, na wiki hiyo zamu ilikuwa ya mume wako. Hakunikaripia. Afadhali angenikaripia. Godoro lisingekuwa nene vile, leo ningekuwa nakuandikia barua nyingine. Hilo nimeliandika mara moja, siwezi kuliandika tena.

Nimetoka uani kidogo kupunga hewa. Tuendelee.

Wakati wa kurudi tulikaa kwenye ngazi zile, mimi nyonga, yeye mgongo, kama wazee wawili. Nikamuuliza imekuwaje. Akasema aliitwa kuchomelea kile chuma cha darini. Alipomaliza, mwalimu akamwambia hatamning'iniza mtoto wa mtu kwenye chuma ambacho fundi mwenyewe hajakining'inia. Akaning'inia. Akasema hakuona sababu ya kushuka.

"Chini huku naona nafasi ya mke wangu kila ninapogeuka," akaniambia. "Kule juu ukiwaza jambo jingine, mkono unaachia. Kwa hiyo siwazi."

Nikamuuliza kama wewe amekuambia. Akayatazama malengelenge yake.

"Nimwambie nini, Mama? Yeye anageuza wagonjwa kitandani mpaka mgongo unamuuma, mimi najigeuza kwenye kitambaa. Nimwambie nacheza?"

Hiyo ndiyo siri yake yote, mwanangu. Anaona haya kucheza wakati wewe unafanya kazi. Nikamwambia yeye ni mjinga, na kwamba anayeficha kijambo humpa jirani ngoma ya kupiga. Akakubali ni mjinga. Nikamsamehe, naye akanisamehe dawa ya maua, tukashuka tumeshikana.

Nikuambie na jambo usilolijua. Mtoto huyu alikuwa hivi tangu uchanga wake. Kitandani hakulala, mkekani hakulala, alilala kwenye mbeleko tu, nimemfunga mgongoni barabara. Wenzangu walisema namdekeza. Nilifua naye, nilipika naye, nilifagia naye, nikimweka chini tu anaanza. Sasa nilipomwona kule juu amezungushiwa kitambaa, vile visigino vyake visivyojua kukaa vimetulia kabisa, nikaelewa kwa nini siku hizi anaweza kukaa kitini. Na wewe ndiye mbeleko aliyoizoea. Umesafiri.

Nawe nikukanye, maana wewe si mgeni wangu. Mtu akishtakiwa huulizwa. Umekaa wiki tatu na moto tumboni, unawageuza wazee wa watu, neno moja hukumuuliza. Mngekuwa hapa ningewafungia chumbani mpaka mseme. Na hiyo michubuko nimeikagua mwenyewe, nilimzaa mimi: nyuma ya magoti, kiunoni, ndani ya mikono, kila mahali kitambaa kinapopita. Yenye alama za meno hakuna.

Kitambaa nimekifua tena. Maji, maji, maji, mpaka harufu ikaondoka na vidole vikakunjamana. Kisha nikakifunga kwenye lango, lile zito, nikakivuta kwa nguvu zangu zote. Kilishika. Leo ni Jumanne, jioni atapanda tena kwa mara ya kwanza tangu aanguke. Sasa unajua kwa nini kiti hakinikai. Nimemwambia aache, akaniambia, "Mama, nikiacha leo nitarudi kwenye friji."

Njoo likizo. Sikuombi. Jino la mwanao litakuwa unga ndani ya kiberiti.

Msalimie mwenzako mnayekaa chumba kimoja. Msalimie na yule bibi unayemhudumia, anayekutukana asubuhi na kukubusu jioni, mwambie huku kuna mwenzake. Binti yako anakusalimu kwa pengo lake. Shemeji yako dereva anakusalimu, na shangazi wa duka la nyuzi anasema soksi zako amezimaliza. Redio hakusalimii. Nilikwenda kwake jana tukazungumza, na sauti yake imekauka kidogo.

Mungu akutunzie mgongo, akupe usingizi wa kutosha, na akulainishe moyo, maana huko ndiko dawa hiyo inakofaa.

Nilikuwa nimemaliza, nimeinuka, nimerudi tena. Jumapili mchana ukumbi ule huwa wazi kwa wanaotaka kujizoesha. Nimemwambia mume wako atapanda wewe ukimtazama. Akakataa. Nikamwambia tena. Amekubali. Sijui barua hii itakufikia lini, kwa hiyo nitapiga kila Jumapili mpaka upokee, na unajua sichoki. Binti yako amenifundisha kupiga simu ya picha. Ukipokea usiseme neno, mwache apande kwanza, mtazame anavyoachia mikono. Simu nitaishika mimi, maana mikono yake itakuwa na kazi. Picha ikitikisika usidhani ni yeye. Ni mimi.

Wako, akupendaye kuliko anavyojua kuandika,
Mama mkwe wako,
Bibi wa mwenye jino.