Shahada ya Kuozeshea

Jumamosi, Novemba 2010. Bredäng, Sweden.

Theluji ya jana imeshageuka tope, jua halijaonekana wiki nzima, na mimi nina hasira. Siyo ile ya kuvunja vyombo. Ni ile inayomkalisha mtu wima kitini akanywa chai bila kujua kama ina sukari. Wacha niandike kabla haijapoa, maana ikipoa nitaanza kuwaonea watu huruma, na leo sitaki.

Jana mdogo wangu Rashidi alikuja na ombi. Jumamosi ijayo binti yangu Zuhura, mtoto wetu wa pekee, anaolewa na kijana anayeitwa Idrisa. Wali wake, yaani wa kumwozesha, ni mimi baba yake. Lakini mimi si Muislamu tena, na aliyetoka katika dini hawezi kumwozesha binti Muislamu. Kwa hiyo Rashidi na shehe wa msikiti wao wamenitafutia njia. Ijumaa nipite msikitini baada ya swala, nitamke shahada mbele ya mashahidi, watu waitikie, na kesho yake nimwozeshe mwanangu kama baba yeyote. Dakika tano, basi.

"Ukishamaliza harusi, kaka, rudi kwenye ukaidi wako," Rashidi akasema. "Hiyo itakuwa wewe na Mola wako."

Nikamwambia hapana.

Wanaopita humu bloguni kwa mara ya kwanza niwaeleze. Mimi na mke wangu Hawa ni watoto wa Buyenzi, pale Bujumbura, mtaa ambao mtoto hujua adhana kabla hajajua jina la babu yake. Nilisoma chuo cha Kurani, nikahitimu, nikafundisha wadogo zangu, Rashidi akiwemo. Imani ilinitoka polepole, nikiwa tayari huku Sweden. Hakuna shehe aliyenipiga, hakuna aliyenidhulumu. Watu wangependa niwe nimeumizwa, maana aliyeumizwa anaweza kupewa pole akarudi. Mimi nilifikiri, nikafikiri tena, nikaona siamini. Sina hadithi kubwa zaidi ya hiyo.

Na kwa miaka mingi halikumsumbua mtu. Siswali, sifungi, na bado nilialikwa kila harusi na kila hitima kutoka hapa mpaka Jakobsberg. Wapo wenzetu ambao chupa zao zinalia ndani ya mfuko kila Ijumaa jioni, na wameozesha mabinti zao wakiwa na kanzu nyeupe pe, shehe akiwashika mkono. Wanaitwa Waislamu wazembe, wanaombewa dua, mambo yanakwisha. Kwetu kuna sheria moja isiyofundishwa chuoni: fanya utakalo, ila usitaje.

Mimi nilitaja.

Ilikuwa Idd, hapa hapa sebuleni kwangu, magharibi imeingia. Kwa desturi, watu wakiswali nyumbani kwa mtu, mwenye nyumba ndiye mwenye haki ya kuswalisha, na wageni wakaanza kunisogeza mbele kwa heshima zote. Mikeka nilikuwa nimeitandika mwenyewe. Nikawaonyesha kibla, upande wa dirisha la jikoni, kisha nikasema: "Swalini, jamani, karibuni. Mimi siamini tena, na sitasimama mbele yenu kuigiza." Rashidi alikuwa na tende mdomoni, akasahau kutafuna.

Tangu siku hiyo nina jina jipya: murtadi, aliyeasi dini. Mmoja wao alinong'ona, akihakikisha namsikia, kwamba katika nchi nyingine shingo yangu isingekuwa mahali pake. Nikamjibu kwamba kama dini yake inahitaji kisu ili watu wasitoke, basi yeye mwenyewe haiamini. Viatu vyake alivifunga kwa pupa hata akaondoka na kofia ya mtu mwingine.

Sisemi Waislamu wote wako hivyo. Hawa anaswali tano zote, na nikiwa na zamu ya asubuhi mimi ndiye ninayemwamsha kwa alfajiri. Wakati anaswali mimi naweka chai jikoni. Tunaishi.

Nilichogundua ni kwamba watu hawawezi kumwona mtu aliyetoka bila kumtafutia pa kuingia. Jirani yetu wa mlango wa pili, Papa Dieudonné, Mkongomani wa Bukavu na mwimbaji wa kwaya, alikuja na shangwe kama nimefaulu mtihani. "Ndugu yangu, Yesu alikuwa anakungoja tangu zamani! Dimanche ukuye kwetu ku kanisa, nitakulindia kiti ya mbele." Nilimshukuru, nikamwambia nimehama nyumba moja bila kupanga nyingine. Alinitazama kwa masikitiko ya kweli, na jioni mkewe akatuletea sombe, kisamvu cha kwao.

Kazini kwenye karakana ya mabasi, mwenzangu mmoja Mswidi aliniletea soseji ya nguruwe kunipongeza. Akasema sasa naweza kumwambia binti yangu avue kile kitambaa. Hapo nilimjia juu. Zuhura alianza kuvaa hijabu akiwa shule, na mimi sikuipenda. Nilimwambia siipendi, kisha nikavaa koti, nikaenda shuleni kumtetea dhidi ya mwalimu aliyetaka aivue. Kichwa ni chake. Sikutoka kwenye dini ili niwe jiwe la kuwapigia waliobaki ndani. Soseji yake aliila mwenyewe.

Turudi kwa Rashidi, maana hasira yenyewe iko kwake.

Alipoona sibabaiki, akatoa la mwisho. Akasema shehe amekumbusha kwamba kwa hukumu, hata ndoa yangu na Hawa imeshavunjika. Alisema akitazama sahani, siyo mimi. Hawa alikuwa jikoni, na masikio ya Hawa hayana mlango. Akatoka na mwiko mkononi.

"Shemeji, ndoa hii imepita vita, ikapita kambi ya wakimbizi Kigoma. Siku zile shehe wako alikuwa wapi? Unakuja kuivunja huku unakula sambusa nilizokukaangia mimi?"

Rashidi akairudisha sambusa kwenye sahani. Ilikuwa imebaki nusu.

Nilicheka, lakini sikucheka sana. Kwa sababu Rashidi siyo mtu mbaya, na kwa sababu mwenyewe anajua kuwa hakuna haja ya haya yote. Nikiwa mimi sifai, yeye baba mdogo anafaa. Sheria inampa. Anachoogopa ni maswali ya wageni. Baba wa bi harusi yupo, mzima, amekaa kitini, mbona anaozesha mdogo mtu? Basi ili yeye asiulizwe, mimi niende nikamdanganye Mungu wao ndani ya nyumba yake. Na wao, wanaomwamini, ndio walionipangia uongo huo. Mimi nisiyeamini ndiye niliyeuona haufai. Hebu niambieni hapo nani anaiheshimu shahada.

Hawa hakuniomba nikubali. Ila Rashidi alipoondoka, alisimama kwenye karo akiosha sahani moja muda mrefu mno.

Leo asubuhi akaja Zuhura mwenyewe kutoka Vällingby, anakofanya kazi na kuishi. Mwanangu tangu alipoanza shule hunijibu kwa Kiswidi. Namuuliza kwa Kiswahili, ananijibu kwa Kiswidi, tumezoeana. Alikaa bila kuvua koti.

"Det är bara ord, pappa," akasema. Ni maneno tu, baba. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

Hapo nilitikisika. Shehe hanitikisi, mashahidi wake hawanitikisi, lakini huyu nilimbeba mgongoni. Ningeweza kuyatamka yale maneno pale pale mezani, bado nayajua, ulimi wangu hauhitaji hata ruhusa yangu. Angetabasamu, Hawa angepiga kigelegele, na pilau ya Jumamosi ingelika kwa amani.

Nikamwambia: "Kama shahada ni maneno tu, basi na 'nimekuozesha' ni maneno tu. Wewe unaamini, mwanangu. Unataka ndoa yako ikae juu ya uongo wa baba yako?"

Alikasirika. Aliniambia naupenda ukaidi wangu kuliko ninavyompenda yeye. Iliniuma, na bado inaniuma nikiandika. Akainuka, akaenda pale mlangoni, akaanza kuvaa buti. Alikuwa ameshavaa la mguu mmoja.

Sijui swali lile lilinitoka wapi. Kwetu kabla ya ndoa kufungwa, wali humwendea bi harusi chumbani kuchukua idhini yake. Na tangu enzi za bibi zetu, mwali akiulizwa akanyamaza, akainamisha kichwa, kunyamaza kwake huhesabiwa kuwa amekubali. Wazee wanasema hiyo ni haya. Nikamuuliza: "Baba mdogo akikujia chumbani, utanyamaza?"

"Nej," akasema haraka, kama nimemtukana. Hapana. Nitasema kwa sauti. Idrisa nimemchagua mwenyewe.

"Basi na mimi ni hivyo hivyo. Nilinyamaza miaka mingi, watu wakahesabu kunyamaza kwangu ni imani. Sasa nimesema kwa sauti. Sijafanya kosa jingine."

Akakaa chini kwenye kibenchi cha viatu, buti moja mguuni, jingine mkononi. Hawa alikuwa amesimama mlango wa jikoni. Nilidhani Zuhura ataondoka. Nilijiandaa aondoke. Nilijua hata akiondoka sitamkimbilia na shahada, na kujua hivyo kuliniogopesha kuliko kisu cha yule mnong'onaji.

Kisha akaongea Kiswahili, ambacho huwa anakiweka kwa mambo mazito.

"Baba mdogo ataniozesha. Lakini akija kuchukua idhini, wewe uwe mlangoni. Nisipokuona, sijibu."

"Na shehe?" Hawa akauliza.

"Shehe atangoja."

Akavua lile buti, akaja kunywa chai.

Kwa hiyo nimempigia Rashidi simu. Nimemwambia avae kanzu yake, ajiandae kujibu maswali ya wageni, na kwamba wakimuuliza kwa nini haozeshi baba mtu, awaambie ukweli: baba mtu haamini, na hakutaka kudanganya. Alinyamaza sana kwenye simu. Nikamwambia kunyamaza kwake hakuhesabiki, aseme. Akasema, "Haya, kaka." Ameshanuna, najua, lakini amesema.

Wataniangalia. Waniangalie. Kuna atakayekataa kunipa mkono, kuna atakayenipa kisha akanawe. Nitavaa suti yangu ya kijivu na nitakula pilau yangu mpaka ukoko. Dini yao sijawanyang'anya, nami sitaki wanipangie yangu, wala kutokuwa nayo kwangu.

Jumamosi ijayo sitakuwa na dua ya kumwombea mwanangu, na sitaigiza. Nina masikio, na nitasimama mlangoni mpaka nimsikie.