Matuta kwenye Kipande Chako

Mama,

Shikamoo. Najua hutaitikia, ila mdomo umezoea.

Ningemwandikia kaka, lakini yuko vitani Uganda na hata hajui kuwa umefariki. Basi kesi yangu naileta kwako.

Unajua kwetu Wahangaza mfiwa hashiki jembe mpaka matanga yaondolewe. Mvua haikutungoja. Na mwenyekiti alishatangaza kuwa kipande chochote cha bustani ya kijiji kitakachokutwa hakijalimwa atapewa mtu mwingine. Nilikaa ndani nikiisikiliza mvua, roho juu.

Tulipoondoa matanga nilikimbilia bustanini. Kipande chako kilikuwa kimelimwa, tena si kwa mkono wetu. Wewe ulilima tambarare, ukachanganya maharage na maboga, ukafunika kwa nyasi. Jirani yako Mzee Bakari hupanda kwa kamba, kama bwana shamba alivyomfundisha. Hapa palikuwa na matuta makubwa. Nani hulima matuta hapa Kasulo kama si Mama Masanja, yule Msukuma uliyempokea alipohamia kijijini na ng'ombe wake?

Kikulacho ki nguoni mwako, nikasema. Nikakumbuka alivyolia msibani kuliko sisi wanao, kisha akauliza mpaka wa kipande chako unaishia wapi. Mama, nilimchukia. Nadhani nilitaka mtu wa kumchukia.

Sikwenda kumuuliza. Nilibomoa tuta la kwanza, nikakuta nyasi na samadi vimefukiwa chini, nikawaza uchawi. Nikabomoa la pili. Hapo maharage yakatoka na udongo, yamechipua: mekundu, meusi, yale ya njano yenye madoa. Mchanganyiko wako, Mama. Na sisi wenyewe tulikuwa tumewapikia waombolezaji kibuyu chako chote cha mbegu. Nilijua hazipo tena duniani.

Mama Masanja alinikuta nimepiga magoti. Hakunigombeza. Alitazama matuta, akasema taratibu, "Hizo alinigawia mama yako mwaka jana. Mimi si Mhangaza, sikukatazwa kushika jembe. Ila kwenye msiba wenu kilimo hakitajwi, ndiyo maana nilinyamaza."

Tulifukia upya pamoja, lakini mengi yalikuwa yamevunjika machipukizi. Nililia kuliko siku ya kukuzika.

Matuta yaliyosalia nimeyaacha yalivyo. Upande nilioubomoa nimeulima tambarare, kwa namna yako. Mzee Bakari anapita anacheka, anasema kipande kimevaa viatu visivyofanana.

Lala salama, Mama. Tukivuna, mbegu nitaigawa: nusu kibuyuni mwako, nusu kwa Mama Masanja. Lakini usidhani nimepona. Jana nilikuta boga moja, kati ya yale uliyoyaacha wewe ukingoni, limechumwa, na nyayo zinaelekea kwake.

Nitamuuliza kwanza. Nakuahidi, Mama, safari hii nitamuuliza kwanza.

Binti yako,
Editha