Fisi Aliyefunga Mlango

Jumamosi, mwezi wa kumi. Mawingu huja kila alasiri, hutuangalia, halafu huondoka. Bati za mtaa wetu wa Kanyenye, hapa Tabora, zinalia kwa joto. Nimekaa uani na kompyuta mapajani, nina hasira, na katika umri wangu hasira ni kitu cha kuangalia kama presha. Naandika ili ishuke.

Leo nilimpeleka dada yangu kwenye tamasha la filamu.

Kwa mnaosoma ukurasa huu mara ya kwanza: mimi ni mwalimu mstaafu wa baiolojia. Dada yangu Nyamizi ndiye mkubwa wangu, na anaishi nami tangu kiangazi cha mwaka jana. Niliwahi kuandika hapa kwamba alikuja mjini kwa sababu ya macho. Mkadhani nina maana ya hospitali, nami nikawaacha mdhani hivyo. Leo hakuna tena cha kuficha, na aliyekifichua ni mimi.

Nianze na fisi.

Kijijini kwetu, upande wa Nzega, zizi la ng'ombe ni ua wa miiba. Mlango wake ni tawi kubwa la mgunga. Jioni, ng'ombe wakishaingia, mtu hushika shina, huliburuta hadi lizibe nafasi, miiba ikitazama nje. Mnyama hawezi kuliondoa. Fisi mwenye njaa hutafuta pengo penye ua dhaifu, hupenya, hula, na asubuhi unakuta tundu na manyoya.

Usiku mmoja fisi aliingia kwa mpwa wangu Maganga, mtoto wa kwanza wa Nyamizi, akala mtamba. Hilo si ajabu, fisi ndiyo kazi yake. Ajabu ni kwamba asubuhi hapakuwa na tundu. Ua ulikuwa mzima, na tawi la mgunga lilikuwa mlangoni, limefungwa vizuri, labda vizuri kuliko Maganga mwenyewe anavyofunga.

Fisi anayeingia, akala, akatoka, kisha akafunga mlango nyuma yake, kwetu ana jina. Anaitwa fisi wa mtu. Anatumwa. Na anayemtuma kwa kawaida ni bibi kizee mwenye macho mekundu.

Wakamtafuta bibi. Hawakwenda mbali.

Macho ya dada ni mekundu kwa sababu amepika kwa mavi makavu ya ng'ombe tangu kuni zilipoisha. Moshi ule huunguza utando wa jicho. Nilifundisha somo hilo kila mwaka, na Maganga aliwahi kukaa darasani kwangu. Alifaulu.

Walipandisha vijana juu ya nyumba yake wakang'oa bati. Walimpa nafasi ya kukusanya kanga zake, na nilipokwenda kumchukua, mzee mmoja wa kijiji aliniambia nishukuru, maana wengine hawapewi nafasi hiyo.

Nilishukuru. Nilimwambia asante.

Hapa Kanyenye hakuna aliyejua. Mama Saida, jirani yetu anayeuza vitenge, alimpenda dada kuanzia wiki ya kwanza. Kila asubuhi anamwachia kichanga chake anapokwenda dukani. Nyamizi humbeba mgongoni huku akipepeta mchele, anamwimbia nyimbo za ng'ombe, na kichanga kinalala. Mtu aliyeambiwa na mwanawe kwamba anakula watoto wa watu, sasa anakabidhiwa mtoto wa mtu. Sijui dawa ya hospitali inayoweza kufanya kazi hiyo.

Basi likaja tamasha, la filamu zinazohusu binadamu na wanyama na maumbile. Niliposikia kuna filamu za ng'ombe nikasema twende, dada amewakumbuka ng'ombe. Mama Saida akafunga duka mapema, akaja nasi na kichanga chake.

Mgeni rasmi alifungua kwa hotuba ndefu. Alisema Tabora imeishi kwa amani na wanyama tangu enzi za misafara. Nilishindwa kujizuia, nikaanza kumweleza dada sikioni kwamba mji huu ulineemeka kwa pembe za ndovu, na amani gani hiyo ya ndovu. Na pembe zile zilibebwa na babu zetu mabegani hadi pwani kwa sababu mbung'o waliua punda njiani. Kwa hiyo katika msafara mnyama wa mizigo alikuwa Mnyamwezi.

"Mwalimu, nyamaza," dada akasema. "Watu wanasikiliza."

Mshereheshaji alikuwa Mzaramo, yaani mtani wetu. Utani huo nao ulizaliwa katika njia ile ile. Wapagazi wetu walifika pwani, wakala kwa Wazaramo, wakaugua kwao, wakazikwa nao. Hadi leo mtani anaweza kukutukana juu ya kaburi la baba yako, nawe ukampa kuku. Huyu hakusubiri msiba.

"Wanyamwezi nawajua mimi! Aliyekuja na fisi wake amfunge nje, humu viti vimejaa!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mama Saida akampiga dada gotini kwa furaha. Dada naye alicheka, mkono mdomoni. Nilimtazama akicheka nikawaza: haya, yamepita.

Filamu ya kwanza ilikuwa ya nyuki. Ya pili ilikuwa ya mbwa mmoja wa nchi ya mbali, mwenye daktari wake, kitanda chake na nyumba yake ndogo bustanini. Dada aliinama kwangu.

"Nyumba ile ni ya mbwa?"

"Ni ya mbwa."

"Ina paa," akasema.

Ya tatu ilitengenezwa na binti mmoja kutoka Dar es Salaam anayeitwa Zuhura. Mshereheshaji alimwita mbele pamoja na "shujaa wa filamu". Akasimama mwanaume mwenye koti jipya katika safu ya kwanza. Alikuwa Maganga.

Sikujua. Nakuapieni sikujua. Ilikuwa filamu kuhusu wafugaji na fisi, na kijiji kilikuwa chetu. Dada alinishika kifundo cha mkono. Kwenye pazia alipita Maganga na ng'ombe wake, jua la jioni likipenya kwenye vumbi, zeze likilia kwa upole. Nyuma yake, pembeni kabisa, ilionekana nyumba yenye bati zote juu yake.

"Ile yangu," dada akanong'ona. "Ile pale."

Kisha ukaingia usiku wa ile filamu, ule wa kijivu ambao kamera huuona na sisi hatuuoni. Zizi. Ng'ombe wamelala. Fisi akaja taratibu, akasimama mlangoni, akainua pua, akaingia. Watu walivuta pumzi. Mtamba alichukua muda mrefu kufa, na Zuhura hakukata hata kidogo. Baadaye fisi aligeuka akatazama kamera, mdomo ukiwa umelowa, na ukumbi ukapiga makofi. Ilikuwa picha nzuri, sikatai.

Mimi nilikuwa nikitazama kitu kingine. Fisi alikuwa ameingia mlangoni. Tawi la mgunga lilikuwa limelala kando, mbali na mlango, kama ufagio ulioegeshwa na mtu.

Taa zilipowaka wakaruhusu maswali. Mwanafunzi mmoja wa seminari ya Kipalapala aliuliza kama fisi ana roho, wakacheka. Nikanyoosha mkono. Nilishika kipaza sauti kwa utulivu wote wa miaka yangu ya darasani.

"Binti yangu, hongera. Lile tawi la mlangoni, nani aliliondoa?"

Zuhura alifurahi. Inaelekea alikuwa amesubiri mtu aulize jinsi kazi ilivyofanyika.

"Shikamoo mzee, asante kwa swali! Ni sisi. Miiba ilikuwa inaziba kamera, tukaisogeza. Wenyeji walikuwa wamelala, hatukutaka kuwasumbua. Halafu tukaning'iniza utumbo wa mbuzi kidogo, ili fisi avutike apite karibu."

Watu wakacheka, wakapiga makofi kwa ule ujanja.

"Na alipoingia zizini?"

"Hapo hatukufanya kitu, mzee. Sheria yetu ya kwanza ni kutoingilia maumbile."

"Na tawi?"

"Tulilirudisha kabla ya kuondoka alfajiri. Sisi tunaacha kila mahali kama tulivyopakuta."

Alisema kwa fahari, kama mtoto aliyeosha vyombo bila kutumwa. Na mimi hapo ningeweza kukaa. Nilikuwa nimeshapata jibu. Ningeweza kumfuata nje, kumfuata Maganga, kuzungumza kikubwa. Lakini nilikuwa na kipaza sauti, na mwalimu akishapata jibu sahihi hutaka darasa zima lilisikie.

"Asubuhi yake," nikasema, "mwenye zizi alikuta mtamba ameliwa na mlango umefungwa. Unajua alimlaumu nani?"

"Mama mkwe!" mshereheshaji akadakia, na ukumbi ukalipuka.

Nilingoja wanyamaze. Naam, nilingoja, kwa sababu nilitaka kila mmoja asikie.

"Alimlaumu mama yake mzazi. Wakaezua nyumba yake, wakamfukuza kama mchawi. Amekaa hapa, karibu yangu."

Vichwa vyote viligeuka. Nilidhani nitaona aibu kwenye nyuso zile, na kwenye chache niliiona. Kwenye nyingine niliona kitu kingine. Walikuwa wanatazama macho yake.

Dada alivuta kanga hadi usoni. Mama Saida, aliyekuwa na kichanga mapajani, alikihamishia upande wa pili. Sidhani alikusudia. Mkono ulikwenda wenyewe, kama mkono unavyokwenda ukigusa moto.

Nje, Maganga alitufuata.

"Shikamoo, mjomba."

Sikuitikia. Mama yake hakumsalimia kabisa. Dada alisimama akitazama viatu vya mwanawe.

"Umesikia," nikamwambia. "Umesikia kwa masikio yako."

"Nimesikia, mjomba. Mlango walifungua wao. Sikatai." Alikuwa mtulivu, sauti ya mtu aliyekwisha kufikiri. "Lakini fisi yule alipita mazizi ya watu wangapi kufika kwangu? Kwa nini asiingie kwa jirani?"

"Kwa jirani palikuwa pamefungwa! Na utumbo ulikuwa umening'inizwa kwako!"

"Na kwa nini wale watu wa Dar waje kwangu, si kwa mwingine? Nani aliwaleta?"

Nimefundisha miaka mingi na nakubali kwamba swali hilo halina jibu. Ukieleza jinsi jambo lilivyotokea, mtu kama Maganga hukubali yote, halafu anakuuliza kwa nini limtokee yeye. Unaweza kumjibu hadi kiama. Nilimuuliza kitu kidogo zaidi: bati za mama yake ziko wapi.

"Zimeshatumika, mjomba. Mke mdogo alikuwa hana jiko."

Akatuaga kwa heshima, mikono miwili, akarudi ndani. Walikuwa wanamwita kupiga picha.

Zuhura alitukuta getini. Alikuwa analia, machozi ya kweli, wanja umechuruzika. Alipiga magoti mbele ya dada palepale vumbini.

"Bibi, nisamehe. Sikujua. Naapa nitakikata kipande chote cha fisi. Hakitaonekana tena popote."

Hapo dada alifungua uso.

"Utakikata?"

"Nitakikata, bibi. Leo hii."

"Mwanangu, hicho ndicho shahidi wangu pekee. Nenda nacho kijijini ukawaonyeshe. Wawekee pazia palepale zizini."

Zuhura alifuta macho. Alisema ratiba yao ni Isikizya Jumatatu, halafu Kigoma, na gari si la kwake. Alisema atazungumza na wenzake. Alisema kwa kweli, kwa kweli atajaribu. Alikuwa na huruma nyingi sana, na petroli ya kufika Kigoma.

Tulirudi kwa miguu. Mama Saida alitangulia, akasema kichanga kina usingizi. Kichanga kilikuwa macho, kinatutazama juu ya bega lake, kikimchekea dada.

Njiani nilianza kueleza. Nilisema hukumu imegeuka, sasa mji mzima unajua kwamba hakufanya kitu, kwamba ushahidi upo. Dada aliniacha niseme hadi tukafika mlangoni.

"Asubuhi walikuwa hawajui kama nilisingiziwa," akasema. "Sasa wanajua nilisingiziwa nini."

Akapika. Tukala. Alinikatia nyama kubwa kama anavyofanya tangu nikiwa mdogo. Halafu akauliza, bila hasira yoyote, kama mtu anayeuliza saa ya basi:

"Umenitetea vizuri, mdogo wangu. Sasa nihamie wapi?"

Ameshaingia kulala. Nimeandika yote haya nikitumaini jibu litatokea chini ya ukurasa, kama linavyotokea kwa mwanafunzi anayeendelea kuandika hata asipojua. Halijatokea.

Kesho ni Jumapili na duka la Mama Saida huwa halifunguliwi, kwa hiyo hakuna nitakachojua. Nitangoja Jumatatu. Nitaamka mapema, nikae kibarazani na chai yangu, na akipita na kichanga sitaeleza chochote. Nitamsalimia tu, nimwachie njia ya kuja mlangoni kwetu.

Akipita moja kwa moja, nitaanza kutafuta nyumba mtaa mwingine.