Ulijua Umri wa Nashipai

Kaka yangu Idi,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu ulinitangulia kuzaliwa na mama hakutulea kukosa adabu. Usidhani nimepoa. Ujumbe wako wa sauti ulinikuta napepeta mchele. Niliuweka ungo chini nikausikiliza mara ya pili, nikidhani masikio yamenidanganya. Kumbe unakuja Kilosa na wageni wenye kamera, kuwaonyesha mradi wa besiboli uliouanzisha. Unataka niwakusanye watoto uwanjani, hasa wale wa Kimasai, na waje na shuka zao ili picha zipendeze.

Ningeweza kukupigia simu tukayamaliza kifamilia. Sitaki. Neno ulilolisema Mikumi ulilisema mbele za watu, kwa hiyo jibu lake naliandika kwa kalamu, kisha nalipiga picha na kuliweka kwenye kundi la simu la wazazi, alisome kila aliyekuwepo na asiyekuwepo.

Nianze na mazuri, maana yalikuwepo, na ndiyo yanayonitia hasira zaidi. Ulirudi kutoka chuo Morogoro na gongo moja na mpira uliokuwa unafumuka nyuzi. Mama alisikia majirani wakisema Mwalimu Idi anawapa watoto gongo, akatoka na mtandio begani kwenda kukuaibisha. Alipokuta ni kipande cha mti, si pombe, alicheka mpaka akakaa chini. Watoto, waliozoea rede yao ya kukwepa mpira, wakauita mchezo wenyewe rede ya gongo, na kwa muda hatukuwa na jina jingine.

Mwanzoni uliwachanganya wote. Wakubwa walipiga, wadogo kazi yao ikawa kukimbilia mpira majanini na kurudi wakilia. Siku mtoto mmoja alipopigwa na mpira akapasuka mdomo, ulikuja nyumbani hukula. Ulikaa uani na kijiti, ukachora mavumbini, ukaniita nikae nawe. Tukapanga. Wa miaka mitano hadi saba mpira tuwawekee juu ya kigingi, wapige ukiwa umetulia, kila mmoja apate zamu, asiwepo wa kushinda wala kushindwa. Wa minane hadi kumi warushiwe na mwalimu, taratibu, kutoka chini ya mkono. Wa kumi na moja na kumi na mbili warushiane wenyewe, lakini anayerusha apumzishwe kabla bega halijamuuma. Wakubwa wa kumi na tatu kwenda juu, vituo vya kukimbilia visogezwe mbali na wacheze kwa sheria zote. Nikakuuliza itakuwaje kwa mtoto mwenye mwili mkubwa lakini moyo mwoga. Ulinijibu kwamba mtoto hapangwi kwa kimo, anapangwa kwa miaka yake, na akiogopa anapewa muda. Niliona fahari kuwa mdogo wako siku ile.

Ndipo akaja Nashipai. Nawaandikia na wasiomjua: ni binti wa Mzee Sanare, mfugaji ambaye boma lake liko kule tambarare, nje ya mji. Alikuja na ndugu zake baada ya kufungia ndama, mrefu kuliko wenzake wote, na mpira ukimjia alifumba macho na kujikunja. Watoto walimcheka. Wewe hukumcheka. Ulimrudisha kwa wadogo kwenye kigingi, ukawaambia wote kwamba hajashushwa, anapewa muda, na atakayemcheka atafagia uwanja. Ulipiga goti mbele yake ukawa unambingirishia mpira chini, siku baada ya siku, mpaka macho yakafunguka. Alipofika kundi la kumi na moja alikuwa ndiye mrushaji wetu. Nani alimfikisha pale kama si wewe? Ndiyo maana sikuelewi.

Na umri wake uliujua. Usiseme hukuujua. Nashipai na Rehema wangu walizaliwa masika ya mwaka mmoja, yale ambayo maji yalikata reli. Mama yake na mimi tulikuwa tunakutana kliniki, watoto wakining'inia kwenye mzani mmoja baada ya mwingine. Wewe ndiye uliyenipeleka kwa baiskeli, ukakaa kwenye benchi na kina mama, ukambeba Nashipai wakati mama yake anatafuta kadi. Ulimbeba, Idi.

Sasa Mikumi. Tulikodi lori la Fuso kwenda kwenye bonanza la michezo, tukapita kijiji cha Ulaya watoto wakiimba, vumbi limewafanya wazee. Mzee Sanare alipanda nasi kwa kuwa binti yake hakuwahi kulala mbali na nyumbani. Alibeba kibuyu cha maziwa, akawagawia watoto wote bila kuuliza huyu wa mkulima au wa mfugaji. Na wewe ulikunywa.

Kabla timu ya kumi na moja na kumi na mbili haijaingia, mwalimu wa timu pinzani alimnyooshea Nashipai kidole akasema yule ni mwanamke mzima, hawezi kucheza na watoto. Msimamizi wa bonanza akaja kuuliza vyeti vya kuzaliwa. Karibu nusu ya watoto wetu hawakuja navyo, Rehema akiwemo. Msimamizi akasema hana haja ya kusumbua watu, neno la mwalimu wao linatosha. Akapita kwa kila asiye na cheti akikuuliza. Alipofika kwa Rehema ulijibu haraka: kumi na moja. Alipofika kwa Nashipai ukatazama viatu vyako.

Neno moja tu lilitakiwa, kaka. Neno lile lile ulilolisema kwa mwanangu.

Mzee Sanare alikusubiri uongee. Alipoona huongei alisimama mwenyewe, akaeleza kwa Kiswahili chake cha taratibu mtoto alizaliwa masika gani. Mtu mwenye umri wa baba yetu. Nawe, labda kwa kuwa msimamizi alikuwa anakutazama, ukamjibu:

"Mzee, ninyi mnajua kuhesabu ng'ombe. Miaka ya watoto waachieni wenye vyeti."

Watu walicheka. Nimewasikia wakicheka tangu siku ile mpaka leo. Mimi nilisimama nikasema kwa sauti kwamba binti huyu na wangu ni rika moja, kama huyu hachezi basi na Rehema atoke. Ulinishika mkono ukaniambia chini chini, "Mwajuma, usituharibie siku." Msimamizi akasema mwalimu hakuthibitisha, kwa hiyo amekwisha kuamua. Nashipai alivua glavu, akaiweka kwenye benchi vizuri, kiganja juu, kama ulivyowafundisha. Hakulia. Baba yake akamfunika shuka mabegani, wakaondoka kwa miguu kuelekea barabara kuu. Hawakurudi kwenye Fuso.

Mlishinda. Kikombe mlikipata, na msimamizi aliyekutazama siku ile ndiye aliyekuwa anatafuta mwalimu wa kwenda naye Dar. Haikupita muda ukaitwa. Sisemi uliahidiwa kitu. Nasema ulipima, ukaona heshima ya mzee yule ni nyepesi kuliko nafasi yako.

Njiani Rehema aliniuliza swali moja: "Mama, mbona mimi mjomba hakunidai cheti?" Ulikuwa umekaa mbele na dereva, hukusikia. Nikushirikishe leo. Nilishindwa kumjibu bila kukuvunjia heshima mbele ya mpwa wako, kwa hiyo nilimvuta begani kwangu nikamwambia alale, naye akaelewa vizuri kuliko ningemjibu.

Kibuyu kilibaki kwenye gari. Wiki iliyofuata nilikipeleka bomani kwa bodaboda, nikiwa na maneno ya kuomba radhi niliyoyapanga njia nzima. Mzee Sanare aliitikia shikamoo yangu, akanipa chai ya maziwa, akaniacha niseme mpaka mwisho. Kisha akasema hana neno na mimi. "Lakini tusi halifutwi kwa kutuma mtu. Aliyelisema aje alifute kwa mdomo wake."

Nilikupigia jioni ile ile. Ulisema una kazi nyingi, kwamba mzee atasahau, kwamba watu wale wamezoea. Wamezoea nini, Idi? Wamezoea kudharauliwa, kwa hiyo dharau moja zaidi haiumi?

Ngoja nikueleze kilichofuata, maana wewe ulishaondoka. Watoto wa wafugaji waliacha kuja, wote. Si kwa kukatazwa. Walisikia. Lile gogo la pembeni ya uwanja, ambapo baba wa shamba na baba wa ng'ombe walikuwa wanakaa pamoja kutazama watoto na kubishana nani kapiga vizuri, likabaki na watu wa upande mmoja. Msimu ule ule ng'ombe waliingia kwenye mahindi ya watu, na akina baba waliokuwa wanakaa gogo moja wakakutana ofisi ya mtendaji, kila mmoja na fimbo yake, hakuna anayemsalimia mwenzake. Ugomvi wa malisho hukuuanzisha wewe, ni wa zamani kuliko sisi. Lakini tulikuwa na mahali pamoja ambapo ulikuwa haufiki, na wewe ukaufungulia mlango.

Mimi nikabaki na magongo, mipira na makundi manne ambayo sasa ni ya upande mmoja. Nilitaka kuacha. Aliyenizuia ni mama yake Nashipai. Tulikutana gulioni, akaniuliza kama kile kigingi cha wadogo kinaweza kubebwa. Nikamwambia ni mti na tairi tu. Jumapili nikakifunga kwenye bodaboda nikaenda nacho bomani. Mzee Sanare hakunikaribisha na hakunifukuza. Alitazama watoto wadogo wakipiga mpira ukapotelea kwenye miiba. Nilipokwenda Jumapili nyingine, miiba ilikuwa imefyekwa mahali papana, na panga lilikuwa bado mkononi mwake. Tangu hapo Jumamosi nafundisha mjini, Jumapili nafundisha tambarare. Mwezi uliopita baadhi ya watoto wa mjini waliomba kunifuata, na wazazi wao wakakubali. Ni mwanzo tu, nami naushika kama yai.

Nashipai ndiye anayewapangia wadogo. Anajua nani aanze kwenye kigingi na nani yuko tayari kurushiwa. Lakini yeye mwenyewe hachezi. Na hapa ndipo moyo wangu unapochemka mpaka kalamu inatoboa karatasi. Kundi la kumi na moja na kumi na mbili halimsubiri mtu. Mtoto analipita mara moja katika maisha yake, kisha amekwisha kuwa mkubwa. Rehema alilicheza, akashinda, akashindwa, akagombana na wenzake, akapatana nao. Sasa yuko kwa wakubwa. Nashipai alilianza tu, kisha akalipita akiwa amekaa nje, mwenye mkono mzuri kuliko wote tuliowahi kuwafundisha. Kikombe unaweza kukirudisha. Miaka ile utairudishaje?

Halafu unaniambia waje na shuka zao.

Siku ile walikuwa na shuka hizo hizo, na hazikukupendeza. Umri wao ulikuwa wa kutiliwa shaka, baba yao wa kuchekwa. Leo ni pambo la picha zako, ushahidi wa mradi uliouanzisha. Uliuanzisha, sikukatalii, na uani kwa mama alama za kijiti chako nitazikumbuka mpaka nife. Ila kuanzisha si kumiliki. Watoto si mali ya aliyechora mistari.

Basi jibu langu ni hili. Sitamkusanyia mgeni wako mtoto hata mmoja, wa mjini wala wa tambarare. Wazazi wanaoisoma barua hii nawaomba na wao wakatae. Ukitaka kuja Kilosa, njoo bila kamera. Nyumba ni ya kwenu, chumba chako kipo, nami nitakupikia kama ninavyopaswa. Asubuhi yake nitakupeleka bomani. Utamwamkia Mzee Sanare, utalifuta neno lako kwa mdomo wako, kisha utarudia kulifuta uwanjani mbele ya wazazi. Akikataa kukusamehe, ni haki yake, na hutanung'unika. Kama hilo ni zito kwako, baki huko huko na cheo chako, sisi tutaendelea.

Jumapili iliyopita nilimweleza Nashipai habari za ujumbe wako, maana nimechoka watu wazima kuamua mambo yake bila kumuuliza. Alikuwa anamrekebishia mtoto mmoja miguu. Aliinuka, bado ameushika mpira. Nilidhani atakataa kulisikia jina lako. Badala yake aliniuliza kama unakumbuka ulivyokuwa unambingirishia mpira chini. Nikamwambia sijui. Akasema:

"Mwambie mwalimu nina miaka kumi na mitatu. Siku ile nilikuwa na kumi na mmoja. Mwambie tu, asije akasahau."

Nimekwambia. Mungu akulinde barabarani, kama utakuja kwa njia hiyo niliyoitaja. Kama ni kwa njia nyingine, akulinde huko huko uliko.

Ni mimi mdogo wako wa tumbo moja, mama yake Rehema,

Mwajuma