Mwezi Ulipopatwa, Nawe Ukamshika Mama Mkwe Mkono

Kwako Baba, uliyemwogopa mama mkwe wako kuliko viboko wa ziwani,

Ijumaa Kuu mwezi umepatwa tena. Ulichomoza ukiwa mwekundu tayari, na watoto wa hapa Otonglo wakatoka na masufuria ya kugonga ili urudi. Mimi na Mama tulikaa kwenye benchi lile lile la barazani, nikashindwa kujizuia. Siri yako niliyoitunza miaka saba nimeitoa. Unisamehe, au ukasirike tu, maana kutoka kaburini huwezi kurudi kunichapa.

Unakumbuka Nyanya alivyokuja kutoka Ahero na mchele kichwani? Alikuwa amesikia kwamba unamfokea Mama mbele ya wateja wa cherehani yako. Alisema wazi: atalala siku moja kwa jirani, kwa kuwa mama mkwe halali kwa mkwewe, na akiona ni kweli, asubuhi anaondoka na binti yake. Nilikuwa na miaka kumi, na siku hiyo chakula kilinishinda. Nawe kwa adabu ya kwetu hukutakiwa hata kumkaribia. Akitoka jikoni, unaingia kwenye mahindi; akienda chooni, unazunguka nyumba. Utetezi wako wote ulibaki mdomoni.

Jioni ukatutangazia, mkanda wa kupimia nguo ukiwa shingoni: "Redio imesema mwezi utapatwa. Ni kivuli cha dunia tu, hakuna cha kuogopa."

Basi baada ya chakula mwezi ukaanza kuliwa. Mbwa wakabweka, majirani wakagonga madebe, na mtu mmoja akaanza kutubu kwa sauti kuhusu kuku wa jirani yake. Mwezi ukawa na rangi ya tofali, giza likashuka. Mama akaenda kumtuliza mbuzi. Nyanya, kwa sababu ya baridi, alikuwa amejifunika leso ya Mama, akakaa mahali pa Mama kwenye benchi. Mimi nilikuwa mkekani, miguuni pake.

Ndipo wewe ukaja mbio, ukakaa, ukamshika mkono.

"Mama Atieno," ulinong'ona, "kama huu mwezi haurudi, ujue nimekupenda tangu siku ya kwanza. Kelele zangu ni za mdomo tu. Na tafadhali, usimwambie mama yako nimeogopa."

Nyanya hakuutoa mkono. Mlikaa hivyo kitambo kirefu, ukimminya vidole, mpaka ukingo mweupe wa mwezi ukatokea, nawe ukageuka kumtazama mkeo. Uliruka ua wa michongoma kama kijana wa miaka ishirini, ukaacha mkanda wako mapajani mwa Nyanya. Aliukunja taratibu, kisha akaniinamia.

"Wewe ulikuwa umelala."

Nikamwambia ndiyo, na bado nimelala.

Asubuhi alipokuja kuaga, alimwambia Mama, "Baki hapa. Huyu bwana yako ni mwoga sana, lakini atakutunza." Akaenda zake peke yake, na mkanda akaenda nao. Wewe ulinunua mwingine bila kuuliza. Mama hakujua kesi yako iliamuliwaje. Lakini kelele ulipunguza kweli, hilo nakupa.

Nilipomaliza kumsimulia, Mama alicheka mpaka kitambaa kikamwanguka kichwani. Halafu akakiokota, akanigeukia.

"Baba yako alisema hivyo?"

Nikasema ndiyo, neno kwa neno.

"Mimi hakuwahi kuniambia. Hata siku moja."

Akaniambia nirudie. Nilirudia mara tatu, Baba, na kila mara aliinamisha kichwa kusikiliza kama ndiyo kwanza naanza. Mwezi ulirudi wote hatujautazama. Tulikukumbuka sana jioni ile, na mimi nililia kidogo, ingawa Mama anasema ni moshi wa dagaa wa omena jikoni.

Ameniagiza nikuandikie kwamba maneno yako yamemfikia. Ila siku nyingine, anasema, uangalie kwanza ni mkono wa nani.

Ni mimi binti yako Atieno,
niliyekuwa nimelala.