Mutumbwi Yenye Baba Alijaribu Peke Yake

Ilunga, mujukulu wangu, huku Katuba tuko bazima. Mie ninasema, mama yako njo anaandika. Unauliza: programu yako ya telefone ya kupima dawa za batoto umeijaribu sana, sasa kosa gani inaweza kubakia?

Kule Kasenga baba yangu alichongaka mutumbwi. Akaijaribu peke yake, ikawa muzuri. Kisha mama akapanda na bitunga bya samaki na dada yangu mudogo. Kwa uzito mutumbwi ikashuka, na maji ikaingia kwa ufa wa juu, wenye maji haikufikaka wakati baba alikuwa peke yake. Mama tu njo alirudi.

Baba akalia: "Lakini niliijaribu!"

"Ulijaribu na mwili yako tu," mama akajibu.

Kichwa-nguvu wangu, ita mama mwenye kubeba mutoto mugonjwa. Umupe telefone, unyamaze, uangalie mikono yake.

Kambo yako