Paka Yako Inaenda Lukafu

Yaya,

Ni mimi Donati, mudogo yako. Unajua mi siandikaka barua. Masomo nilikomea mu ya sita ya primaire, juu mwalimu alikuwa anaogopa akili yangu. Lakini hii haiko ya kutuma mutu. Kesho asubuhi tunatoka, mi na paka yako.

Tangu tulikuzika, bantu tunakaa nabo mu lupango moja habana amani. Jirani yako Mama Astrida anasema paka ya mufu haibakiaka bure, ni we mwenyewe unatembea na miguu ine. Juzi aliimwangia maji ya moto, akaikosa kidogo tu. Nilitoka, nikamuelezea vile nilitoshaka mamba mu mutoni Lufira na mukono moja, nikaifunga ku baiskeli mpaka hapa. Balicheka bote. Lakini nikiiacha hapa bataiua. Na we ulinishika mukono ku hospitali, ukasema: "Donati, paka uipeleke kwa mutoto wangu Sifa, kule Lukafu. Isife."

Njo nilianza kutengeneza safari. Vétérinaire, munganga wa banyama, aliipiga sindano ya kichaa ya imbwa, akanipa carnet ya sindano. Mi sikufunga macho, hata bakikuambia nilifunga. Akasema kitunga ya kuibebea ibakie wazi mu nyumba siku saba, na nguo ya mwenyewe ndani, ili paka izoee. Siku ya safari, chakula hapana, maji kidogo.

Nilitupa kikwembe yako ya manjano mu kitunga, vile mwanaume anatupaka nguo. Asubuhi nikaikuta imekunjwa mara ine, pembe moja imefungwa kifundo, sawa vile ulikuwa unafanya. Mulango ilikuwa imefungwa na cadenas, ufunguo mu mufuko yangu. Nikaikunjua. Kesho yake, vile vile.

Na saa kumi, ile saa ulikuwa unarudi ku soko, paka inaenda ku mulango. Inainua kichwa. Kisha mugongo inashuka polepole, inapanda, inashuka, vile mugongo inafanyaka chini ya mukono. Mi nilikuwa ninakula bukari. Tonge ilibakia mu vidole mpaka ikapoa.

Shofere wa kwanza alikataa, anasema paka mu motoka inapasulaka mapine ya magurudumu. Wa pili nilimuambia mi ni mukubwa ya banganga bote ba banyama ba Katanga. Huyu alikubali: kitunga ku magoti yangu, ifunikwe, bantu basione.

Jana nilifunga kitunga kwa mara ya kwanza, saa moja tu, kujaribu. Paka ilinyamaza. Kisha mule ndani nikasikia:

"Dodo, nifungulie."

Dodo, Yaya. Nani mwingine alikuwa ananiita vile? Na ilikuwa sauti yako ya mwisho, ile ya kukauka. Nilifungua. Paka ilikuwa inalala juu ya kikwembe. Nilijikuta inje na kiatu moja, mbele ya Mama Astrida. Nilimuambia ninafukuza mwizi.

Sasa nikuambie ukweli, juu wewe huwezi kunicheka mbele ya bantu. Tulikuwa ba kutoka siku ine zilizopita. Mara mbili nilisema shofere ni mugonjwa. Shofere iko muzima. Ni mi nilikuwa ninangojea saa kumi ifike tena. Paka ikienda, hapa patabakia nyumba tu, na mi peke yangu na hadithi zangu.

Lakini yale maji ya moto, Yaya. Mara ingine Mama Astrida hataikosa.

Vétérinaire alisema kintu ingine: mu njia usifungue, hata ilie namna gani. Paka ikitoka ku kituo, haipatikanaka tena. Kesho utaniita, ninajua. Nitaweka mukono juu ya kifuniko, nitakuitikia polepole ili bantu basisikie, lakini sitafungua. Ninakuahidi, na hii haiko ya mamba.

Tukifika kwa Sifa, nitafunga kwanza mulango na dirisha, juu ya paka, isikimbie. Kisha njo nitafungua kitunga. We hauna lazima ya mulango ili utoke.

Uende muzuri, Yaya.

Dodo